Koroboi Iliyolipia Barabara

Hotuba kwa viongozi wa Walei na wa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo, Lipingo



Ndugu wapendwa, viongozi wa Walei, wenyeviti na makatibu wa Jumuiya, wazee wetu, akina mama, na vijana mlioacha nyavu zenu ili kufika hapa. Tume ya Haki na Amani iliponiomba nizungumze nanyi juu ya bajeti ya Serikali, nilisita. Seminarini nilifundishwa falsafa na teolojia, wala si hesabu za Hazina. Tena somo lenyewe lina sifa ya kuwalaza watu usingizi hata wakiwa wamesimama. Basi nikamwendea mzee mmoja wa hapa hapa kwetu, mvuvi wa usipa tangu ujana wake, ambaye kila mwaka mwezi wa Juni huketi kando ya redio yake tangu Waziri aanzapo kusoma hadi betri zichoke. Nikamwuliza: "Mzee wangu, bajeti ni nini?" Akanijibu bila kufikiri: "Baba, bajeti ni siku ambayo Serikali inatuambia bei ya bia, ili tusiulize bei ya vitu vingine."

Nilicheka. Kisha nikaona kwamba sitapata mwalimu bora kuliko huyo, nikamwomba ruhusa ya kuyaleta kwenu maneno yake. Alikubali kwa sharti moja, kwamba nisitaje jina lake, kwa kuwa bado anadaiwa mchango wa ujenzi wa nyumba ya katekista.

Tazameni jinsi tunavyoipokea siku hiyo. Ni alasiri, mwezi wa Juni. Waziri wa Fedha anaingia Bungeni Dodoma akiwa na mkoba wake, wapiga picha wakimzunguka kana kwamba ndani yake mna mtoto mchanga. Neno lenyewe "bajeti" tumelipata kwa Waingereza, nao walilipata kwa Wafaransa wa kale, ambao kwao lilikuwa jina la mfuko mdogo wa ngozi. Kwa hiyo mkoba ule si pambo. Kwa asili ya neno, ndio bajeti yenyewe. Nilipomweleza mzee wangu hayo alisema: "Ndiyo maana kila mwaka tunauona mfuko, hela hatuzioni."

Waziri husoma kwa muda mrefu. Anaeleza hali ya uchumi wa dunia, anaeleza mfumuko wa bei, anashukuru wafadhili, na wasikilizaji mmoja mmoja wanasinzia. Lakini afikapo penye bia, soda na sigara, watu wanaamshana. Kesho yake sokoni hakuna habari nyingine. Mnywaji anahesabu hasara yake kwa chupa, mvutaji kwa pakiti, na yule asiyekunywa wala kuvuta anamshukuru Mungu kwamba bajeti haikumgusa. Huyo wa mwisho ndiye ninayemwonea huruma kuliko wote, kama nitakavyoeleza.

Tena kuna namba. Bajeti ya mwaka 2017/2018 ilikuwa ya shilingi trilioni 31.7. Ile iliyosomwa Juni 2025, ya mwaka 2025/2026, ilifikia trilioni 56.49. Trilioni ni moja yenye sufuri kumi na mbili nyuma yake. Mtu akikaa chini ya mwembe akahesabu shilingi moja kila sekunde, pasipo kula wala kulala, ataimaliza trilioni moja baada ya miaka zaidi ya 31,000. Mzee aliposikia hayo aliuliza kama mhesabuji huyo naye atalipwa posho.

Hata hivyo hakuishia kwenye mzaha. Alinitaka nigawe. Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania 61,741,120. Ukizigawa trilioni 56.49 kwa idadi hiyo, kila kichwa kinapata karibu shilingi 915,000, mtoto wa jana akiwemo. "Kumbe!" akasema, "nyumba yangu ya watu saba ina zaidi ya milioni sita huko Dodoma! Mbona tukiomba dawati la shule tunaambiwa bajeti haijaruhusu?" Nikamweleza kwamba fedha hizo si zote za kugawiwa, kuna mishahara ya walimu na wauguzi, kuna madeni yanayolipwa kabla ya kitu kingine chochote, kuna barabara na ulinzi, na sehemu yake hukopwa kwanza ndipo itumike. Alinisikiliza kwa adabu, kama tunavyomsikiliza mgeni.

Sasa niwasimulie habari ya koroboi, ambayo ndiyo iliyonileta hapa.

Vijana wenye taa za jua na umeme huenda wamekwisha kuisahau, lakini mwaka 2017 nyumba nyingi za ufukoni kwetu ziliangazwa kwa koroboi, na mitumbwi mingi ya usipa bado ilitoka na karabai usiku wa giza. Tarehe 8 Juni mwaka huo, Waziri wa Fedha wa wakati ule, Dkt. Philip Mpango, alitangaza jambo lililopigiwa makofi: ada ya mwaka ya leseni ya magari inafutwa. Hadi hapo kila mwenye gari alidaiwa ada hiyo mwaka hadi mwaka, hata kama gari lenyewe limepandishwa juu ya mawe na kuku wanataga ndani yake. Ili kulifidia pengo, ushuru wa bidhaa kwenye mafuta ukaongezwa shilingi 40 kwa kila lita: petroli kutoka shilingi 339 hadi 379, dizeli kutoka 215 hadi 255. Hapo hapana la kushangaza. Anayetumia barabara sana hununua mafuta mengi, na alipe zaidi. Lakini shilingi 40 zile zile ziliongezwa pia kwenye mafuta ya taa, kutoka 425 hadi 465.

Mzee wangu alikuwa ameketi barazani, redio upande huu, koroboi upande ule. Aliposikia hayo aliigeukia koroboi yake akaiambia: "Hongera, mwanangu. Tangu leo una leseni. Usikimbie mno barabarani."

Kesho yake neno hilo lilikuwa limeenea ufukoni kote. Mtu akiwasha koroboi, mwenzake humwambia afunge mkanda. Mtoto akiidondosha, huulizwa kama ameripoti ajali kwa askari wa usalama barabarani. Wenye karabai walijiona matajiri wa magari makubwa. Mzee mwenyewe alipiga hesabu zake mchangani kwa kijiti. Koroboi ya nyumbani, nusu lita kwa juma, lita 26 kwa mwaka. Mara shilingi 40, ni shilingi 1,040. Karabai zake mbili za uvuvi, lita tatu kwa usiku, siku kumi na tano za giza kwa mwezi, ni lita 45. Mara shilingi 40, ni shilingi 1,800 kwa mwezi, shilingi 21,600 kwa mwaka. "Baba," akaniambia, "mtumbwi wangu hauna tairi hata moja, na umelipia barabara shilingi elfu ishirini na moja na mia sita."

Ndugu zangu, kichekesho hicho kilikuwa na hesabu sahihi ndani yake. Wapo wasomi walioandika kurasa nyingi juu ya bajeti ile wasifikie mahali alipofika mvuvi yule kwa kijiti.

Haki yatutaka tuseme na upande wa pili. Serikali ilikuwa na sababu, wala si sababu ya kubuni. Kwa miaka mingi wafanyabiashara wasio waaminifu walikuwa wakichanganya mafuta ya taa, yaliyokuwa rahisi, na dizeli iliyokuwa ghali, ndio uchakachuaji. Mitambo ya magari ikaharibika na mapato yakapotea. Ndiyo maana katika bajeti ya Juni 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulirushwa kutoka shilingi 52 hadi shilingi 400.30 kwa lita, ili mwizi asipate faida katika kuchanganya. Na tangu hapo, kila dizeli ikipanda, mafuta ya taa hayana budi kuisindikiza. Petroli nayo ina tozo nyingine za barabara juu ya ushuru huo, kwa hiyo asije mtu akasema kwamba koroboi hulipa kuliko basi. Lakini swali linabaki pale pale. Mwizi alikuwa mjini, kwenye matangi na malori. Njia ya kumfungia mlango ikapita uani kwa mjane. Yeye hakuchakachua kitu, isipokuwa labda uji wa watoto, alipoongeza maji.

Mafundisho ya Kanisa juu ya jambo hili hayana kona. Kulipa kodi ya haki ni wajibu wa dhamiri. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, uliwakemea waziwazi wanaokwepa kodi kwa hila. Na Baba Mtakatifu Yohane wa Ishirini na Tatu, katika waraka wake Mater et Magistra wa mwaka 1961, alifundisha kwamba katika kodi za haki mzigo hulingana na uwezo wa mbebaji. Mafundisho hayo mawili yatupasa kuyashika pamoja. Anayeshika la kwanza peke yake huwa mtumishi wa mtoza ushuru. Anayeshika la pili peke yake huwa mkwepaji mwenye maneno mazuri.

Basi, mngetazamia kwamba sasa nitawaambia: cheka, ndugu, kwa maana kicheko chako kina haki. Sivyo. Kwa maana sijawasimulia nusu ya pili ya habari, nayo inaniuma.

Katika bajeti ile ile ya Juni 2017, yenye shilingi 40 za koroboi, mlikuwa na jambo jingine. Ushuru wa mazao, ambao halmashauri zilitoza hadi asilimia tano, ulishushwa hadi asilimia tatu kwa mazao ya biashara na asilimia mbili kwa mazao ya chakula. Na tena ikaamuliwa kwamba mazao yasiyozidi tani moja, yanaposafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine, yasitozwe ushuru huo. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Fikirini maana yake kwetu sisi. Ufukoni twala muhogo na usipa. Mahindi na maharage twayafuata milimani kwa Wamatengo. Tangu mwaka 2012, Wilaya ya Nyasa ilipokatwa kutoka Mbinga, safari ile ya mahindi ambayo wazee wetu waliifanya ndani ya wilaya moja imekuwa safari ya kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kipengele kile kilikuwa kama kimeandikwa kwa ajili ya mama wa ufukoni.

Mwaka uliofuata mama mmoja mjane, ambaye wengi wenu mnamfahamu na ambaye sitamtaja, aliuza usipa wake mkavu mbali na hapa, akanunua magunia sita ya mahindi. Kwenye geti moja la ushuru, mahali nisipopataja, alisimamishwa. Akadaiwa shilingi elfu moja kwa kila gunia. Alikuwa na elfu nne zilizobaki. Akaacha nusu gunia. Hakupewa stakabadhi, wala hakuidai. Aliponisimulia, hakunisimulia kama mtu aliyedhulumiwa. Alinisimulia kama mtu aliyenyeshewa mvua. Nikamwuliza: "Mama, hukusikia kwamba ushuru huo ulifutwa kwa mizigo midogo?" Akasema: "Baba, bajeti ile si ndiyo ile ya koroboi?"

Naam. Ilikuwa ni ile ya koroboi. Sote tulikuwa tumeisikiliza hadi penye koroboi, tukacheka, tukazima redio. Mimi nami nilicheka. Niliisimulia habari ya leseni ya koroboi katika sherehe mbili za upadre na arusi moja, wala sikujishughulisha kujua kilichofuata katika hotuba. Kipengele cha magunia nilikijua kwa bahati, kwa gazeti lililofungiwa sukari, miezi mingi baadaye. Kama paroko wenu angalisoma gazeti hilo mapema, mama yule angalila nusu gunia lake.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini tunakuwa hivyo, nami nadhani jibu limo katika historia ya kodi kwenye nchi yetu. Serikali ya Wajerumani iliweka kodi ya nyumba mwaka 1897. Waingereza mwaka 1922 wakaiunganisha na kodi ya kichwa. Hakuna aliyeulizwa. Baada ya Uhuru kodi ya kichwa iliondolewa, kisha katika miaka ya 1980 ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, na haikufutwa hadi mwaka 2003. Miaka ile ya 1990 mimi nilikuwa mtoto, na nakumbuka jinsi mgambo walivyokuja kijijini alfajiri kuwasaka wasio na stakabadhi. Mjomba wangu alikuwa na dawa yake. Mbwa wakibweka tu, anausukuma mtumbwi majini, anakwenda kukaa katikati ya ziwa na nyavu kavu, hadi mgambo wachoke na kuondoka. Bibi yangu aliwaambia amekwenda kuvua. Siku moja alikaa huko tangu alfajiri hadi jioni, akarudi ameungua jua, bila samaki hata mmoja. Tulipomwuliza alisema samaki nao walimtaka stakabadhi.

Tulicheka hadi machozi. Lakini hivyo ndivyo nilivyojifunza, kabla sijajua kusoma, kwamba kodi ni kitu cha kukimbiwa, si kitu cha kuulizwa. Mjomba hakuwahi kujua kodi ile ilikuwa shilingi ngapi kisheria, wala ilitumika wapi. Alijua tu umbali wa kutoka ufukoni hadi mahali ambapo mgambo hawezi kufika. Kodi ya maendeleo imekwisha, mgambo wale wamezeeka, lakini nadhani kicheko chetu cha mwezi Juni ni mtumbwi ule ule wa mjomba. Tunapanda, tunasogea mbali, tunatazama ufuko kwa mbali. Tunajisikia salama. Na nyavu ni kavu.

Nipeni ruhusa nitoe mfano mwingine. Juni 2019 Serikali iliweka ushuru kwenye nywele bandia, mawigi na rasta: asilimia 10 kwa zinazotengenezwa nchini, asilimia 25 kwa zinazotoka nje. Mnakumbuka kicheko cha nchi nzima. Wanaume walishangilia kana kwamba wamekombolewa utumwani. Akina mama wakajibu kwamba sasa wataonekana walivyo na wanaume wavumilie. Hata katika mikutano ya Jumuiya hatukumaliza utani ule. Lakini bajeti hiyo hiyo ilirudisha Kodi ya Ongezeko la Thamani kwenye taulo za kike, ambazo zilikuwa zimesamehewa mwaka mmoja tu kabla, mwaka 2018. Sababu iliyotolewa ni kwamba msamaha ule uliwanufaisha wafanyabiashara, bei haikushuka. Huenda ni kweli bei haikushuka. Lakini je, dawa ya mfanyabiashara asiyeshusha bei ni kumtoza tena binti wa sekondari? Hapa kwetu swali hilo aliliuliza mwalimu mmoja wa kike, katika kikao, kwa sauti ndogo. Sisi wanaume tulitazama sakafu. Juu ya wigi kila mmoja wetu alikuwa na la kusema.

Kwa hiyo kuna kichekesho kinachofumbua macho, kama kile cha koroboi, na kuna kinachoyafumba, kama cha wigi; na mara nyingine, kama mlivyoona, kichekesho kimoja hufanya kazi zote mbili kwa siku moja.

Nisije nikaonekana nadharau maneno ya wananchi. Yanaweza kufanya kazi. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi. Tuliambiwa ni mchango wa uzalendo, wa kujengea vituo vya afya na madarasa. Watu wakasema mengi. Mzee wangu, aliyetumiwa fedha na kijana wake aliyeko Songea na kukuta zimepungua njiani, alisema kwamba siku hizi hata fedha za simu hulipa nauli. Wengine wakarudia njia ya zamani ya kumkabidhi dereva bahasha. Lakini safari hii watu hawakucheka tu. Walipiga hesabu, wakaionyesha hesabu hiyo hadharani, wakaisema kwa wabunge wao, na malalamiko yakafika juu. Septemba mwaka huo huo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30; mwaka 2022 ikapunguzwa tena; na bajeti ya mwaka 2023/2024 ikaiondoa kwenye kutuma fedha, ikabaki kwenye kutoa. Hayo yalitendeka bila jiwe kurushwa. Nayataja kwa sababu husikika watu wakisema kwamba mwananchi hawezi kitu.

Upande wa jirani zetu mambo yalikwenda vingine. Mnamfahamu Zakayo wa Injili, mkuu wa watoza ushuru, aliyepanda mkuyu. Wakenya walimpa Rais wao jina hilo kwa utani, kwa sababu ya wingi wa kodi, na utani huo ukaimbwa na kuchorwa kila mahali. Muswada wa Fedha wa mwaka 2024, uliotaka hata mkate utozwe Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 16, ulipofika Bungeni, vijana walikuwa wameusoma. Wengine waliufafanua kwa lugha za makabila yao ili bibi zao waelewe. Hilo lilikuwa jema na la kuigwa. Lakini tarehe 25 Juni 2024, siku Bunge lilipoupitisha, waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, risasi zikapigwa, na katika siku hizo makumi ya watu walikufa. Kesho yake Rais alikataa kuutia sahihi na muswada ukaondolewa. Mama aliyezika kijana wake hakuambulia chochote katika unafuu wa mkate ule. Tukisimulia habari ya Zakayo wa Kenya kwa kicheko, tukumbuke pia makaburi hayo, tena tuwaombee waliolala humo.

Sasa tuje kwenye kazi yetu, nami nitakuwa mfupi kwa sababu naona mama wa jikoni amekwisha kuchungulia mara mbili.

Redio inapotangaza bajeti mwezi wa Juni, chungu kimekwisha kuiva. Katiba yetu, ibara ya 138, yasema kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Na ibara ya 90 yampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likiikataa bajeti ya Serikali. Ndiyo maana mbunge akiitwa jina lake mwisho wa mjadala, apige kura yake kwa sauti, si rahisi kumsikia akisema hapana. Mwenye kutaka chumvi iongezwe aseme mapema. Bajeti ya halmashauri huanza kuandaliwa miezi mingi kabla, nayo inatakiwa kuanzia kwenye mipango ya vijiji. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, hupaswa kukutana kila miezi mitatu, na humo husomwa mapato na matumizi. Mkutano uliopita nilihudhuria nikiwa mwananchi, si paroko. Tulikuwa wachache kiasi kwamba mwenyekiti alisubiri mpira uishe. Karatasi ya mapato na matumizi ilisomwa kwa dakika nne. Hakuna aliyeuliza, na mimi nilikuwa miongoni mwao.

Tena tumezoea kusikiliza ahadi ya Juni, wala hatusikilizi hesabu ya Aprili. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais taarifa yake kabla ya mwisho wa Machi, kisha huwasilishwa Bungeni. Humo imeandikwa ni halmashauri ipi ilikusanya fedha isizipeleke benki, na ni ipi ililipa kazi isiyofanyika. Mkoba wa Juni hupigwa picha. Taarifa ya Aprili ni nene na haina picha.

Tume inapendekeza kwamba kila Jumuiya ichague watu wawili, mmoja kijana anayesoma haraka na mmoja mzee anayejua bei za vitu, wasome hotuba ya bajeti hadi ukurasa wa mwisho, waje watueleze sisi wengine: kipi kimepanda, kipi kimefutwa, na nani anahusika. Yaliyofutwa yaandikwe kwenye karatasi na kubandikwa mlangoni mwa kanisa, ili anayekwenda kununua mahindi aondoke anajua, na kwenye geti aweze kusema kwa upole: "Kijana wangu, nionyeshe sheria, kisha unipe stakabadhi." Kama ushuru ni halali, alipe. Kama si halali, arudi na magunia yake sita, yote mazima.

Nilimweleza mzee wangu mpango huo, nikamwomba awe mmoja wa wawili wa Jumuiya yake. Akauliza kama kazi hiyo ina posho. Nikamwambia haina. Akauliza tena kama basi angeweza angalau kusamehewa ule mchango wa nyumba ya katekista. Nimemwambia kwamba misamaha ya kodi hupitishwa na kikao, na kikao ndicho hiki. Naona amekwisha kunyoosha mkono pale nyuma. Karibu, mzee wangu; simama usikike.